Simu Inayomsikia Mzee

Kambo wangu anaishi peke yake Katuba, hapa Lubumbashi, na hataki kuhamia kwa watoto wake. Kila asubuhi humeza dawa ya tansiyo. Mjomba alimwekea kwenye simu programu ya kumkumbusha, iliyofasiriwa kutoka Kifaransa. Jioni moja ikamwambia: «Kesho meza dawa saa nane.» Mfasiri alikuwa ameandika nane kwa sababu Kifaransa kilisema «8 heures». Lakini kambo huhesabu saa za Kiswahili, na saa nane kwake ni mchana. Siku ile alichelewa kumeza dawa kwa saa sita nzima.

Kosa hilo ni la lugha, kwa hiyo linatuhusu sisi wa kitivo hiki.

Huduma ya sauti kwa mzee aliye peke yake nyumbani inapaswa kusema naye vizuri, na pia kumsikia. Ili isikie, programu hufundishwa kwa sauti nyingi zilizorekodiwa pamoja na maandishi yake. Common Voice, mradi ulioanzishwa na Mozilla mwaka 2017, hukusanya sauti za watu wanaojitolea, na Kiswahili kimo. Njia yake ya kwanza ni mtu kusoma kwa sauti sentensi anazooneshwa kwenye skrini. Mzee ambaye macho yamepungua nguvu, au ambaye hakupata shule, hawezi kusoma sentensi hizo. Hivyo anayehitaji zaidi simu ya kusemeshwa ndiye ambaye sauti yake ni ngumu kuipata.

Tena kuna Kiswahili chetu. Kambo akisema «Kichwa inaniuma, batoto beko ku kazi», programu iliyozoea Kiswahili sanifu inangojea «kinaniuma» na «watoto wako kazini». Akinyamaza kidogo kutafuta neno, inaweza kudhani amemaliza.

Dawa yake tunaiweza. Tuwarekodi wazee wakizungumza, bila kuwasomesha, na tuandike walivyosema bila kuwasahihisha. Ila rekodi hiyo inabeba ugonjwa wa mtu na habari kwamba analala peke yake. Tuombe ruhusa kwanza, tumsikilizishe mwenyewe, na akikataa tuifute mbele yake.

Mjomba amekwisha kusahihisha: sasa simu inasema «saa mbili asubuhi». Kambo huijibu «Ndiyo, baba», lakini simu bado haimsikii.