Nyanya Haimezi Kidonge

Swali huwa lile lile, kinachobadilika ni namba ya simu. Inakuja picha ya mche wa nyanya uliolegea kama kitambaa cha kudekia, na chini yake maneno matatu: "Nimwagie dawa gani?" Muulizaji mara nyingi ni mgeni wa huku kwetu. Mwalimu aliyehamishiwa Mbeya kutoka Mtwara, nesi aliyepangiwa Iringa, mstaafu aliyejenga Uyole baada ya kumaliza utumishi wake Dar es Salaam. Amekuta udongo mzuri, baridi inayomruhusu kupanda viazi mviringo nyuma ya jiko, na majirani ambao kila mmoja ana kajaruba kake ka chainizi, naye hataki nyumba yake ndiyo iwe yenye uwanja mtupu. Namwelewa. Kinachonishinda ni kwamba hangoji jibu. Kabla sijafungua picha vizuri ameshaongeza: "Nimeambiwa vidonge vya rangi mbili vinasaidia. Niweke vingapi?"

Havisaidii. Usiweke hata kimoja. Nimejibu hivyo mara nyingi, kwa ufupi huo huo, na mtu akaenda kuweka sita. Kwa hiyo leo nitajibu kwa urefu.

Ugonjwa wenyewe ni mnyauko bakteria. Mmea unaamka asubuhi umesimama, saa saba mchana umelegea, jioni unajiinua na mwenyewe anashusha pumzi. Baada ya siku chache hauinuki tena. Unakufa ukiwa wa kijani, majani hata hayajapata nafasi ya kuwa njano, kana kwamba mtu ameumwagia maji ya moto. Bakteria anayefanya kazi hiyo anaitwa Ralstonia solanacearum. Mmarekani Erwin F. Smith alimweleza kisayansi mwaka 1896, na tangu hapo watu wenye maabara na fedha wamemtafutia dawa ya kumwagia shambani wasiipate. Wageni kutoka Pwani hudhani baridi yetu itawalinda. Ni kweli ndugu zake wengi wanapenda joto, lakini ipo aina iliyozoea baridi, inayosafiri ndani ya viazi, na hiyo ndiyo inayosumbua nyanda za juu za Afrika Mashariki.

Nadhani Kiswahili chetu nacho kimetuponza kidogo. Ya malaria ni dawa, ya panya ni dawa, ya meno ni dawa, ya viatu nayo ni dawa. Mtu akisikia nyanya inaumwa na bakteria, na anajua bakteria wa koo lake hutibiwa kwa kidonge, anaunganisha mambo mawili kwa neno moja na kuelekea duka la dawa.

Tuanze na hicho kidonge. "Rangi mbili" si jina la dawa, ni rangi ya ganda. Ndani yake inaweza kuwa tetrasaiklini, ampisilini, amoksilini au kitu kingine kabisa. Nikimuuliza mtu ni ipi aliyomwagia, ananiambia "nyekundu na njano." Kama ni ampisilini au amoksilini, hizo ni za ukoo wa penisilini. Sasa sikia hii: watu wa maabara wanapotaka kumwotesha bakteria huyu kutoka kwenye udongo, moja ya vitu wanavyochanganya kwenye chakula chake ni penisilini kidogo, ili vijidudu vingine vinyamaze na yeye aendelee kukua. Wewe ukifanya hivyo bustanini unaita matibabu.

Tuseme basi ni tetrasaiklini. Wanaokumbuka kuimeza watakumbuka pia onyo la mfamasia: usinywe na maziwa. Sababu ni kalsiamu iliyomo ndani ya maziwa, ambayo huikamata dawa hiyo kabla haijaingia mwilini. Chembe za mfinyanzi huikamata vile vile, na madini ya chuma na aluminiamu nayo hivyo hivyo. Udongo wa volkano wa Rungwe na milima ya Uporoto umejaa vitu hivyo, na wekundu wa udongo wa Iringa ni chuma hicho hicho unachokiona kwa macho. Kumwaga tetrasaiklini ardhini ni kuinywesha maziwa yasiyo na mwisho. Piga hesabu: tuta la mita moja mraba, kwa kina cha sentimita 20, lina udongo wa karibu kilo 200. Vidonge 10 vya miligramu 250 ni gramu 2.5. Hizo gramu 2.5 ndizo unazozituma zikapigane ndani ya kilo 200, na nyingi zinakamatwa njiani.

Zile chache zinazobaki zinaelekea wapi? Bakteria hayupo juu ya jani akingoja kunyunyiziwa. Ameingia kwenye mizizi kupitia kidonda kidogo, pengine cha jembe lako, na sasa yumo ndani ya mishipa inayopandisha maji. Humo anazaliana na kutoa ute unaoziba mishipa kama mafuta ya mgando yanavyoziba bomba la sinki. Mmea hauna moyo wa kusukuma damu ipeleke dawa kila kona. Kinachopanda ni maji, na mishipa ya maji ndiyo iliyozibwa. Unapeleka gari la wagonjwa kupitia barabara iliyokatika.

Hapo huja mjuaji mmoja kuniambia kuwa Marekani wanatibu miti kwa antibiotiki. Ni kweli. Florida minazi yenye ugonjwa wa unjano hupigwa oksitetrasaiklini, ndugu wa tetrasaiklini, kwa sindano ndani ya shina lenyewe, na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miezi minne. Ukiacha, ugonjwa unarudi, maana dawa inaupunguza nguvu tu. Hiyo ni kwa mnazi wa thamani mbele ya hoteli, dawa ikiwa imechomwa moja kwa moja kwenye shina, na bado hauponi. Wewe una mche wa nyanya na kopo.

"Lakini shemeji yangu alimwagia na zikapona." Shemeji huyu anaishi kila mtaa wa Mbeya. Muulize alimwagiaje. Atakwambia aliyeyusha vidonge vitatu kwenye ndoo ya maji, akamwagia kila shina lita mbili, jioni, siku tatu mfululizo. Mche uliokuwa na kiu mwezi wa kumi, mvua bado hazijaanza, ukapewa lita mbili za maji kila jioni! Ungepona hata kama angeyeyusha pipi. Ule wenye mnyauko wa kweli ulikufa, naye akahesabu kuwa alichelewa kuutibu. Kwa mahesabu ya namna hiyo hakuna dawa duniani itakayoshindwa.

Ingekuwa hasara ni fedha tu, ningenyamaza. Lakini udongo una maelfu ya aina za bakteria wasio na hatia, na ukiwanyunyizia antibiotiki nusunusu wanaosalia ni wale walioizoea. Bakteria hupeana mbinu hiyo ya kuizoea, hata na wasio wa ukoo wao. Kwenye udongo huo huo kuku wanachakura na watoto wanacheza.

Na tusiishie kwenye vidonge. Dawa ya ukungu, hata ile ya unga wa njano ambayo kila mwenye duka la pembejeo anakupa kabla hujamaliza sentensi, huua ukungu. Huyu si ukungu.

Majuzi alinijia mwalimu mmoja, mgeni wa miezi minane Mbeya, ambaye badala ya kutuma picha alibeba mche mzima, mizizi na udongo wake, ndani ya kiroba cha unga. Nilitamani kumkumbatia. Nilikata kipande cha shina cha kama sentimita tano, karibu na mzizi, nikakifuta, nikakining'iniza kwa uzi ndani ya glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikigusa maji. Tukakaa kimya tukitazama. Kabla ya dakika tatu ukaanza kushuka uzi mwembamba mweupe, kama moshi wa udi uliogeuzwa kichwa chini, kisha wa pili. Ulishuka polepole hadi chini ya glasi na kutanda kama maziwa.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Ndiyo ugonjwa wako, mwalimu. Bakteria wenyewe hao."

"Na nilimwagia dawa juzi."

Sikujibu. Glasi ilikuwa imejibu.

Nikamuuliza mambo ambayo alipaswa kuyauliza yeye, miezi minane nyuma. Kabla ya nyanya, pale palikuwa na nini? Viazi. Mbegu alipata wapi? Alinunua debe sokoni Mwanjelwa, viazi vya kula, vilivyochipua jikoni akavifukia. Huenda hapo ndipo ugonjwa ulipoingia. Gunia la lumbesa, lile lenye kilemba juu, halijui mpaka wa shamba: humo mna viazi vya watu watatu au wanne, na kimoja chenye bakteria kinaweza kuonekana kizima kabisa kwa nje. Ukikikata utaona pete ya kahawia ndani, na ukikiminya inatoa usaha. Wakati mwingine macho yake yana udongo ulioganda ambao haufutiki kwa kidole. Lakini nani anachunguza macho ya kiazi anachotaka kukikaanga?

"Na miche ya nyanya ulikuza mwenyewe?"

"Nilikuza, tena ilizidi. Nikawapa majirani wawili. Unajua, ukiwa mgeni unatafuta namna ya kuzoeana na watu."

Najua. Huku kwetu bustani ndiyo hodi ya kweli. Ukijifunza kusema "Ugonile" Tukuyu au "Kamwene" Iringa umefungua mlango, lakini kikao unapewa siku mnapobadilishana miche juu ya ua. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema. Kwa bahati mbaya methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya miche iliyokuzwa kwenye kitalu kilichotangulia kubeba viazi vya sokoni.

Kilichoniuma zaidi alikisimulia mwishoni, kama jambo dogo. Wiki ya kwanza, mama wa nyumba ya pili alimwona akilima akamwambia, "Mwanangu, hapo viazi vya baba mwenye nyumba viliwahi kufa vyote." Mwalimu alidhani ni maneno ya kufariji, kwamba wote tunapata hasara. Alishukuru akaendelea kulima. Yule mama alikuwa amempa, bure na kwa sentensi moja, taarifa ambayo mimi nisingeweza kuitoa hata kwa darubini. Mtu wa Ilula anayesomesha watoto kwa nyanya haanzi na dawa. Anaanza na nani alilima hapa na alivuna nini. Wageni wengi wanatafuta ushauri kwa mtu wa mbali wasiyemjua, na mwenye historia ya kiwanja yuko upande wa pili wa ua akianua nguo.

Haya, ya kufanya, haraka. Pima kwa glasi kwanza. Uzi mweupe usipotoka, tazama mizizi: yenye vinundu ni minyoo fundo, majani ya chini yaliyotangulia kuwa njano na shina la kahawia ndani ni mnyauko fuzari, shina lililokatwa usawa wa ardhi ni sota, mche ulioinuka baada ya kumwagiliwa ulikuwa na kiu. Uzi ukitoka, ng'oa mmea na udongo wa mizizini, uchome au ufukie mbali kwa kina, usiutupe kwenye mboji wala mfereji. Jembe na mabuti yaoshe kwa sabuni kisha jiki. Chimba kamfereji maji ya mvua yasitoke kwenye tuta hilo kwenda kwa jirani wa chini. Sehemu hiyo kwa miaka kadhaa, si chini ya mitatu, panda mahindi, maharage, vitunguu, kabichi, karoti. Usipande nyanya, viazi mviringo, bilinganya, ngogwe, hoho wala pilipili, vyote ni ukoo mmoja. Mnavu nao ni ukoo huo huo, samahani wapenzi wa mnavu, na viazi masalia vinavyojiotea ving'oe kila unapoviona. Hamu ya nyanya ikizidi, tumia ndoo kuukuu zilizotobolewa chini, udongo wa mahali pasipolimwa ukoo huo, ziweke juu ya matofali, mwagilia maji ya bomba, si ya mfereji. Mbegu za viazi ulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole au mzalishaji mwenye lebo ya TOSCI, wathibitishaji wa mbegu, na upande kiazi kizima, maana kisu kinachokata mbegu hupitisha ugonjwa kutoka kiazi hadi kiazi. Muuza pembejeo akikuambia ana dawa ya kutibu mnyauko huu, muulize kama imesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, TPHPA, kwa kazi hiyo, halafu mtazame usoni. Na kama uligawa miche, nenda leo ukawaambie. Mwalimu alikwenda jioni ile ile, na mmoja wa majirani hao alikuwa yule mama.

Maji ya glasi usiyamwage bustanini. Mwaga chooni.