"Niko Fiti" Si Kipimo

Jumapili saa 12 asubuhi, banda la supu ya makongoro limeshajaa. Bakuli zinafuka mvuke, limao linakamuliwa, pilipili inaongezwa mpaka jasho linatiririka. Wengi walikuwa kwenye sherehe jana usiku na wamekuja kuzimua. Magari yao yako hapo nje. Mmoja anasema akimaliza bakuli lake anashika njia ya Morogoro, maana kichwa kimetulia na yuko fiti.

Tumpigie hesabu. Tuseme ana kilo 70, na kati ya saa 2 na saa 6 usiku alikunywa bia 6 za mililita 500, zenye kilevi asilimia 5. Kila chupa ina karibu gramu 20 za kilevi chenyewe, na kwa mwili kama wake hizo hupandisha kiwango kwa takriban miligramu 40 katika kila mililita 100 za damu. Chupa 6 ni 240. Ini huondoa wastani wa 15 kwa saa. Hadi saa 12 asubuhi zimepita saa 10: zimeondoka 150, zimebaki 90. Kikomo cha sheria ya Tanzania kwa dereva wa gari binafsi ni 80, na Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi 50. Damu yake itasafika karibu saa 6 mchana. Haya ni makadirio, miili haifanani. Mwanamke wa uzito uleule angepanda zaidi.

Supu inarudisha maji na chumvi, na kwa hilo haina mpinzani. Ila ini haliharakishwi na supu, wala kahawa, wala kuoga maji ya baridi, wala kutapika.

Tatizo kubwa ni kwamba mnywaji anajipima kwa ubongo uleule uliokunywa. Kilevi huipa nguvu kemikali inayotuliza seli za ubongo na kuidhoofisha ile inayozichangamsha. Uwezo wa kupima hatari na kuzuia papara huguswa mapema, kabla hata ulimi haujawa mzito. Ni refa aliyehongwa kabla ya mechi. Kwa hiyo kumuuliza mtu baa kama anaweza kuendesha ni kupoteza muda. Jambo hilo huamuliwa nyumbani kabla ya kutoka: gari linabaki, au ufunguo anakaa nao asiyekunywa kabisa. Asubuhi yake nayo ihesabiwe.

Hata asiyeonja pombe hajasalimika. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walieleza kwenye jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa umakini sawa na mwenye miligramu 50 za kilevi katika kila mililita 100 za damu. Dereva wa lori aliyeamka saa 11 alfajiri akashinda bandarini akipakia mzigo, anafikia hapo saa 4 usiku, pengine ndiyo kwanza anaipita Chalinze. Mlevi tunamlaani, huyu tunamsifu kuwa ni jembe, kanyoosha Dar mpaka Tunduma bila kulala! Na tangu Tanzania iruhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, abiria wengi wako barabarani kati ya saa 8 usiku na alfajiri, wakati mwili unapoutaka usingizi kuliko wakati wowote.

Ubongo uliochoka hujizima wenyewe kwa sekunde chache, wakati mwingine macho yakiwa wazi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 4 ni karibu mita 90 bila dereva. Ukijikuta umepita kijiji na hukumbuki ulikipita vipi, imeshakutokea au iko njiani. Kufungua dirisha na kuongeza muziki hakusaidii kitu. Mirungi ina kathinoni, inayoficha uchovu bila kuuondoa, kisha ikiisha nguvu unakuangukia wote kwa pamoja. Ingia kituo cha mafuta chenye taa, usiegeshe kando ya lami. Kunywa kahawa, halafu lala palepale dakika 20. Kahawa huchukua karibu nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo itakukuta unaamka. Jipe dakika chache akili irudi ndipo uondoke. Hii ni nafuu ya muda tu, usiku mzima wa kulala hauna mbadala.

Kuna na vidonge vya mafua na mzio. Klorofeniramini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Piriton, huingia kwenye ubongo na kuzuia histamini, mojawapo ya kemikali zinazotuweka macho. Ukiongeza bia juu yake, usingizi unakuwa mzito zaidi. Loratadini hailewezi kwa kiasi hicho, basi mwambie muuza dawa mapema kwamba kesho una safari. Na dawa usiyoizoea, ijaribu kwanza siku ambayo hushiki usukani.