Kabla ya Kulipia Balkoni Ruiru au Thika

Nyumba mbili katika ploti moja ya Kimbo au Membley, mitaa ya Ruiru, zinaweza kuwa na vyumba sawa, jikoni sawa na bafu sawa, na bado moja ikawa na kodi ya juu kwa sababu ina balkoni. Tuseme tofauti ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hizo ni shilingi 24,000, na kwa miaka mitatu ni 72,000. Anayelipa kiasi hicho anastahili kukaa nje jioni, anywe chai, apunge upepo. Lakini pita mitaa ya Ruiru ukitazama juu, uone balkoni zenyewe: mitungi ya gesi, madumu ya maji, baiskeli ya mtoto na nguo zinazokauka. Watu wanalipia mahali pa kukaa, kisha wanapafanya stoo.

Wengi hudhani dawa yake ni viti vizuri na maua. Mimi naona kosa huwa limefanyika mapema zaidi, siku ya kutazama nyumba. Mpangaji aliambiwa kuna balkoni, akaridhika, asiulize inaelekea wapi wala ina kina gani. Mambo hayo mawili hayarekebishwi kwa pesa yoyote baada ya kuhamia, na ndiyo yanayoamua kama utakaa nje au la.

Wanaouza safari za meli za kitalii, zikiwemo zile zinazotia nanga Mombasa, hupanga bei kwa mtindo kama huu: chumba cha ndani kisicho na dirisha huwa rahisi, chenye dirisha kinafuata, chenye balkoni kinavipita vyote hivyo. Msafiri mzoefu haishii hapo. Huuliza chumba kiko upande gani wa meli, kwa sababu upande mmoja unaweza kuona pwani na mwingine ukaona maji matupu na kuchomwa na jua la alasiri. Meli walau hugeuka. Ploti haigeuki, na ukikosea upande umekosea kwa muda wote utakaoishi hapo.

Basi tuanze na jua. Thika na Ruiru ziko kusini kidogo tu ya ikweta, takriban digrii moja. Mwaka mzima jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Adhuhuri huwa juu sana, kwa hiyo sakafu ya balkoni ya jirani wa juu inakutilia kivuli bila gharama. Shida iko asubuhi na alasiri, jua linapokuwa chini na kupenya hadi ukutani.

Balkoni ya magharibi ndiyo inayopendwa na wapigapicha na kuchosha wapangaji. Kuanzia saa tisa alasiri jua huingia moja kwa moja, ukuta unapata moto, na hata baada ya giza kuingia ukuta huo unaendelea kuutoa moto ndani ya sebule. Januari na Februari, miezi mikavu yenye joto, hukai hapo bila pazia. Hata hivyo mtu anayerudi kutoka kazini saa moja jioni hataliona jua hilo, na mwezi Julai, wakati wa kibaridi na mawingu, atafurahi kuwa na ukuta wenye joto.

Ya mashariki hupata jua la asubuhi, zuri kwa chai, kwa mtoto mchanga na kwa mboga. Alasiri ina kivuli. Ubaya wake ni mvua: pepo zetu hutoka zaidi mashariki, kaskazini-mashariki mwanzoni mwa mwaka na kusini-mashariki katikati yake, kwa hiyo katika msimu wa Machi hadi Mei na ule wa Oktoba hadi Desemba upande huo mara nyingi hulowa zaidi. Usiweke kiti cha kitambaa huko.

Ya kaskazini na ya kusini hazizungumzwi sana, nami naziona ndizo bora kwa anayekaa nyumbani mchana. Ya kaskazini huguswa na jua kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, yaani katika miezi ya baridi unapolihitaji, na katika joto la Januari huwa kivulini. Ya kusini ni kinyume: ina jua miezi ya joto na baridi kali mwezi Julai. Kama ajenti anakuonyesha nyumba mbili za bei moja, moja ikitazama kaskazini na nyingine kusini, chukua ya kaskazini. Simu yako ina dira. Itumie ukiwa umesimama hapo hapo, usitegemee maneno ya mtu.

Jambo la pili ni kina. Watu wa pwani walilijua zamani. Beit al-Ajaib, jumba alilojengewa Sultani Barghash mjini Zanzibar mwaka 1883, lilizungushiwa varanda pana kila ghorofa, na upana huo ndio uliozuia jua kufika kuta za vyumba. Ploti zetu nyingi hujengwa kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100, na mwenye nyumba hubana kila futi ili apate chumba kingine cha kupangisha. Matokeo yake ni balkoni ndefu yenye kina cha mita moja au chini yake. Humo unaweza kusimama, kuanika nguo na kupiga simu. Kukaa watu wawili wakitazamana, hapana. Ukitaka viti viwili na mtu apite nyuma yavyo bila kuomba njia, tafuta mita moja na nusu. Nenda na futikamba, au beba kiti cha plastiki ukiona haya kupima: ukiketi na magoti yakagusa vyuma, ondoka. Kati ya balkoni fupi yenye kina na ndefu iliyo nyembamba, ya kwanza ina thamani zaidi hata kama ajenti anaisifia ya pili kwa urefu.

Kisha tazama kilicho mbele yako. Barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012, ardhi ya kahawa iliyokuwa mbali na jiji ikawa karibu, na mashamba yakazidi kukatwa viwanja. Mji mpya wa Tatu City wenyewe umejengwa juu ya shamba la kahawa. Sensa ya 2019 ilipata zaidi ya watu 370,000 katika kaunti ndogo ya Ruiru, na ujenzi haujapoa. Kwa hiyo balkoni inayotazama kahawa au kiwanja kitupu leo inaweza kutazama ukuta wa mawe mwaka ujao, umbali wa mita chache, na dirisha la bafu la jirani likiwa mbele ya kikombe chako. Uliza kiwanja ni cha nani. Ukiona kokoto, vigingi, au ubao wa ujenzi wenye nambari ya NCA, mamlaka ya ujenzi, mandhari hayo usiyalipie hata shilingi. Mandhari yenye uhakika ni ya mto, barabara ya umma au uwanja wa shule. Huko Thika, pande za Ngoingwa na Makongeni, ghorofa za juu zinaweza kukupa Kilimambogo, mlima wa mita 2,145, na alfajiri iliyotakata Mlima Kenya ukaonekana kaskazini. Hayo hayazibwi upesi, ila yanadai ngazi nyingi, na anayepanda ngazi na mtungi wa gesi begani anajua gharama yake.

Nyumba iliyo mstari wa kwanza kando ya barabara kuu sitaipendekeza kwa balkoni. Kelele za malori na matatu haziishi usiku, na vumbi jeusi la moshi hurudi juu ya meza kila siku. Zipo kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, na zinasaidia dhidi ya baa au kanisa lenye spika kubwa, lakini hazitakunyamazishia barabara. Rudi nyuma mistari miwili mitatu ya ploti. Tofauti utaisikia kabla hujaingia ndani.

Sasa jiulize swali gumu: utakaa lini? Mfanyakazi anayepanda matatu ya Nairobi saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku ana Jumamosi jioni na Jumapili. Zile 24,000 za mwaka ni kama shilingi 460 kwa wiki. Kwa mtu anayeishi peke yake, huenda pesa hizo zikamtosha nauli na chai katika bustani za Blue Post, hoteli iliyoanzishwa 1908 kati ya mito ya Chania na Thika, akaketi akisikiliza maporomoko. Yeye achukue nyumba isiyo na balkoni, tena bila kujuta. Familia ya watu watano haitafika Blue Post kwa pesa hizo, na mama aliye nyumbani na mtoto mdogo kutwa nzima ataitumia balkoni kila siku. Kwao tofauti ya kodi ni halali kabisa. Anayefanya kazi kwa kompyuta nyumbani pia asiibanie.

Ukishahamia, matumizi ni madogo kuliko watu wanavyofikiri. Viti viwili vya plastiki vyenye mgongo hupatikana kwa chini ya shilingi 3,000 na havijali mvua. Viti vya chuma vya fundi wa kuchomelea hudumu zaidi, lakini dai vipakwe rangi ya kuzuia kutu, na kabla hujalipa kumbuka siku ya kuhama. Zulia la nyasi bandia naliona hasara: hushika maji na vumbi, na kwenye balkoni ya magharibi hupata moto hadi mguu mtupu haukanyagi.

Pesa ya kwanza iende kwenye pazia la upande wa jua. Turubai huzuia jua pamoja na upepo, ukabaki umejifungia kwenye joto. Neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, huuzwa kwa mita, hupitisha hewa, na hukulindia faragha dhidi ya macho ya ploti ya pili. Pazia la mianzi linapendeza zaidi na bei yake iko juu zaidi. Lolote utakalochagua, likunjike juu, maana Julai utataka jua liingie.

Taa ni rahisi kuliko inavyouzwa. Balbu ya LED ya wati 5 ikiwaka kwa muda wa saa nne kila jioni hutumia takriban yuniti 0.6 za umeme kwa mwezi. Hata ukihesabu yuniti moja kwa shilingi 30, ni shilingi 18. Taa ya sola ya shilingi 1,000 ingechukua zaidi ya miaka minne kurudisha bei yake, na betri nyingi ndogo hazifiki hapo. Inunue kwa sababu ya kukatika kwa stima, si kwa kuokoa tokeni.

Miche nunua kwenye vitalu vya kando ya barabara. Sukuma wiki, dania na pilipili zinataka jua, basi ni za mashariki au magharibi. Nanaa na mimea ya majani mapana itavumilia kivuli. Weka sahani chini ya kila chungu. Maji ya udongo yakidondokea nguo nyeupe za jirani wa chini, ugomvi huo hautauzima kwa salamu.

Kuhusu maji mengine sitanii. Mgao ukishika Ruiru au Thika, kila nyumba hutafuta pipa. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo pipa la lita 200 ni kilo 200 kabla hujahesabu pipa lenyewe, na balkoni nyingi zimening'inia zikishikiliwa upande wa ukuta tu. Pipa likae ndani. Likilazimika kukaa nje, liegemee ukuta, kamwe lisiwe ukingoni. Jiko la makaa nalo lisiwashwe kwenye balkoni iliyozibwa kwa vioo au turubai: hewa yake yenye sumu haina harufu, na inaua.

Kama una watoto, vyuma ndivyo vya kukagua kwanza. Uingereza hutaka ukingo wa balkoni ufike mita 1.1, na mapengo yasipitishe mpira wa sentimita 10. Pima vya kwako kwa kipimo hicho. Vyuma vya kulala hupandwa kama ngazi. Vya kusimama ni salama zaidi. Kisha ondoa kila kiti na ndoo karibu na ukingo mtoto anapokuwa macho.

Kabla ya kutoboa ukuta kwa ajili ya pazia au neti ya mbu, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa ujumbe wa simu, usikubali ya mdomo kutoka kwa keateka. Tundu nne zinaweza kukatwa kwenye dipoziti. Uliza pia kama nguo zinaruhusiwa kuanikwa mbele, na kama paa lina kamba na mlango unaofungwa. Paa lenye kamba salama ndilo linaloachia balkoni nafasi ya viti.

Ukitazama nyumba, nenda saa ile ile utakayokaa nje. Ajenti akikupeleka saa nne asubuhi nawe ni mtu wa jioni, rudi peke yako saa kumi na moja. Kwa bei zilizo sawa, chukua yenye kina cha mita moja na nusu, inayotazama kaskazini au mashariki, mbele yake hakuna kiwanja kitupu. Ikikosa mawili kati ya hayo matatu, omba kodi ishuke ilingane na nyumba isiyo na balkoni, na mwenye nyumba akikataa, nenda ploti inayofuata.