Je, Wajua? Filamu moja, santuri nyingi

Picha huku, sauti kule! Ndivyo filamu zilivyotengenezwa Vugiri, milimani Usambara, kati ya 1935 na 1937. Leslie Notcutt na Geoffrey Latham walirekodi picha kwenye mkanda wa milimita 16. Maneno yalikaa kwenye santuri.

Hapo ndipo penye uhondo. Ukibadilisha santuri, filamu ileile inazungumza lugha nyingine: Kiswahili hapa, Kisukuma pale, Kinyanja au Kibemba mbele ya safari.

Mwaka 1935 lori lao lilianza ziara ya takriban kilomita 14,000. Lilibeba projekta, skrini na jenereta, likafika hadi Rhodesia Kaskazini na Nyasaland.

Watazamaji walizipokeaje filamu hizo? Maoni yao yaliingia kitabuni mwaka 1937, katika The African and the Cinema. Kwangu, kuwasikiliza hivyo kunavutia kuliko hata mitambo.

Nawe ukiandaa video ya kuonyeshwa harusini, fanya vivyo hivyo: waonyeshe wenzako kabla ya sherehe. Wasikilize, kisha urekebishe.