Maji ya Ziwa Viktoria na Haki ya Maskini

Katika Waraka wake *Laudato Si’* (2015), Papa Fransisko alifundisha kwamba kupata maji safi na salama ni haki ya msingi ya kila mwanadamu. Maji ya Ziwa Viktoria, yanayosukumwa kutoka Ihelele, yalifika Kahama na Shinyanga kwa fedha za Serikali yetu. Baadaye mkopo wa India uliyafikisha Tabora, Igunga na Nzega. Mkopo hulipwa na wananchi wote, hata mama anayenunua maji kwa dumu. Basi bomba likipita karibu naye, iwe Buzwagi au kwingineko, naye akakosa gharama za kuunganishiwa, haki haijatimia. Jumuiya ndogondogo ziwatambue majirani wa namna hiyo na kuwasemea mbele ya mamlaka ya maji.