Unapokula Katika Mgahawa wa Zamani

Katika lugha ya sheria, anunuaye bidhaa au huduma bila nia ya kuiuza tena huitwa mlaji. Neno hilo hupata maana yake kamili katika migahawa ya kifamilia iliyodumu miaka mingi kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara. Pale Sanje, chini ya Milima ya Udzungwa, wageni waliotoka kutazama maporomoko, wakata miwa, madereva na wanunuzi wa mpunga hukaa benchi moja wakiagiza wali na samaki. Anayepakua leo huenda ni binti wa yule aliyeanza kupakua hapo.

Mgahawa wa namna hii una sifa yake. Jina lake limejengwa kwa sahani, si kwa tangazo, na mwenyewe asingependa kulipoteza. Lakini mazoea hayo hayo humfanya mlaji aone haya kuuliza, kana kwamba kutaja bei ni kumvunjia mwenyeji heshima. Ugomvi huzuka wakati wa kulipa, hasa watu kadhaa wanapoagiza sinia moja la pamoja.

Sahani ina ujazo uliozoeleka, sinia halina. “Samaki mzima” aweza kuwa perege wa kiganja au kambale wa urefu wa mkono. Basi kubalianeni kabla ya kupakuliwa: sinia ni la watu wangapi, lina vipande vingapi, jumla ni shilingi ngapi, na kama mboga au wali wa kuongeza hulipiwa. “Mama, sinia la watu sita ni kiasi gani?” ni swali la adabu. Likishajibiwa, jibu hilo ndilo la kulipia. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei au ubora, na mchele wa kwingine kuuzwa kwa jina la supa wa Kilombero ni upotoshaji pia. Mgahawa wenye mashine ya EFD hulazimika kutoa risiti, nawe unatakiwa kuidai.

Zito kuliko bei ni wali uliokaa. Katika mchele mbichi huweza kuwamo mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, nazo haziuawi kwa kuchemshwa. Wali uliopikwa alfajiri ukiachwa vuguvugu hadi alasiri, mbegu hizo huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu. Sumu ile iletayo kutapika haiondoki kwa kupasha chakula moto, hivyo mvuke unaofuka juu ya sahani hauthibitishi usalama. Uliza wali umepikwa saa ngapi. Unaongojea wateja unapaswa kuwekwa katika joto la nyuzi 60 au zaidi, yaani wa moto kweli, usioweza kuutia tonge mara moja. Ukiwa na utelezi au uchachu, urudishe. Wengi wetu tumekua kwa kiporo na chai wala hatukidharau, ila nyumbani unajua kililala wapi na kwa muda gani.

Kwa kuwa sinia huguswa na mikono mingi, kila mmoja anawe kwa sabuni na maji ya kumiminiwa. Beseni moja la wote hupokezana uchafu. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa au yametoka katika chupa iliyofungwa yenye alama ya TBS. Kipindupindu hupitia maji na chakula kilichochafuliwa, hata pale ambapo mpishi ni hodari.

Ukiwa na lalamiko, anza na mwenye mgahawa, kwa utulivu, kabla hujaondoka. Asiposikia, suala la usafi lipelekwe kwa afisa afya wa kata. La kupotoshwa, kwa Tume ya Ushindani. Tangu mwaka 2019, usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania.

Waliokula sinia moja wakianza kutapika au kuharisha, nendeni kituo cha afya bila kusubiri, na mtaje mlichokula, mahali na saa. Mjulisheni pia afisa afya siku hiyo hiyo, ili sufuria iliyobaki isipakuliwe kwa wateja wa jioni.