Kitendawili... Tega! Mtoko wa Wawili Kutoka Bismini Hadi Kariakoo

Hebu tuambizane ukweli. Mitoko ya wapenzi wengi wa Dar inafanana kama sare za shule. Mnatafuta sehemu yenye chipsi kuku, mnaagiza, halafu kila mtu anachomoa simu yake. Baada ya saa mbili bili inaletwa, na ukihesabu maneno mliyoongea hayafiki hamsini, nusu yake mmeongea na mhudumu. Halafu tunashangaa kwa nini uhusiano umepoa!

Wenzetu wa Uholanzi wana mchezo mmoja mzuri sana. Kwenye miji yao mikongwe kama Leiden, Delft na Utrecht, si lazima uchukue mtu wa kukutembeza. Unachukua kijitabu chenye mafumbo, siku hizi mengine yako kwenye programu ya simu, unaanza kutembea mwenyewe kwa mwendo wako. Fumbo linakuambia utafute mwaka uliochongwa juu ya mlango, au uhesabu madirisha ya mnara fulani, na jibu ndilo linalokupeleka kona inayofuata. Mkikosea mnapotea. Mkipotea mnacheka, au mnagombana, na vyote viwili vina faida yake.

Sasa na sisi tumekosa nini? Mafumbo ni ya kwetu toka enzi za bibi. Kitendawili! Tega! Na ukishindwa kutegua unaambiwa nipe mji. Basi mji wenyewe si huu hapa, tunaupita kila siku tukikimbilia mwendokasi?

Masharti ni machache. Kila mmoja aandae vitendawili vyake vitatu kwa siri siku mbili tatu kabla, aviandike kwenye karatasi. Simu zinakaa mfukoni. Anayetega haongozi njia. Anayetegua ndiye anayetangulia, hata akielekea kusikoeleweka. Anayeshindwa "anatoa mji", maana yake ananunua madafu au kahawa na kashata kwenye kituo kinachofuata. Vaeni raba. Dada yangu, vile viatu vya kisigino acha nyumbani, Posta haina huruma. Na kama ni mara yenu ya kwanza, anzeni na haya mafumbo yetu.

ASKARI NA MWENZAKE ASIYEONEKANA

Mkutane Jumapili asubuhi pale Sanamu ya Askari, barabara ya Samora, ile ambayo wazee wa mjini wanaiita Bismini. Jumapili magari ni machache na unaweza kusimama bila kupigiwa honi. Sanamu hii ya shaba ilizinduliwa mwaka 1927 na Waingereza kuwakumbuka Waafrika waliopigana upande wao kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Askari ameinama kidogo, bunduki mkononi, singe yake imeelekea bandarini. Maandishi ya chini yalitungwa na Rudyard Kipling, yule mwandishi maarufu wa Uingereza, na yameandikwa pia kwa Kiswahili. Yasomeni taratibu, kwa sababu fumbo la kwanza limo humo: "Nimetajwa miguuni pa askari lakini sionekani. Jina langu linapigiwa debe na makonda kila siku."

Msilitegue sasa. Hilo ni la safari nzima, wekeni akiba.

La pili ni jepesi, hata halihitaji kutembea: "Nimebadilisha jina mara kadhaa lakini sijawahi kuolewa." Mnalikanyaga! Waingereza waliuita mtaa huu Acacia Avenue, baada ya Uhuru ukawa Independence Avenue, na leo una jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji.

Kutoka hapo mteremke kuelekea baharini mkiwa na hili: "Navaa kofia nyekundu lakini si shabiki wa Simba." Ni Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye paa lake la vigae vyekundu na mnara unaotazama bandari. Wamisionari wa Kijerumani walianza kulijenga mwaka 1898. Mkipinda kulia kufuata Sokoine Drive mtapita Posta ya Zamani, kisha mtaliona Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, ambalo nalo lilianzwa miaka hiyohiyo ya mwisho ya karne ya 19. Majirani wa siku nyingi hao.

Karibu na hapo kuna jumba liitwalo Atiman House, na hapa tulieni kidogo. "Alinunuliwa kama bidhaa, akazikwa kama daktari." Adrian Atiman alizaliwa eneo ambalo leo ni Mali, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani. Mapadri wa White Fathers walimnunua wakamwacha huru, akasomeshwa utabibu kule Malta, akaja kutibu watu Karema kando ya Ziwa Tanganyika kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Watu wangapi wanapita hapo wakiwahi boti ya Zanzibar bila kujua? Mwenzako anaweza kukwambia jambo lake la utotoni hapo ambalo hujawahi kulisikia. Ukimya ukiingia, uache uingie.

Mbele kidogo kuna Boma la Kale, lenye kuta za mawe ya matumbawe na milango ya nakshi za Kizanzibari. "Nilijengwa nipokee wageni, mwenyeji wangu akaondoka kabla karamu haijachangamka." Sultani Majid wa Zanzibar ndiye aliyelijenga mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake, alipokuwa anaanzisha mji mpya hapa penye kijiji cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870, na mji wake ukazubaa kwa miaka mingi baada ya hapo.

"KWA NINI HUKUSEMA?"

Sasa niwaambie yaliyowakuta wachumba wawili ninaowafahamu. Kaka anafanya kazi Posta mwaka wa tisa huu, kwa hiyo alijiona mwenye mji. Kutoka Boma fumbo lao lilikuwa: "Nina nyuso nyingi sina macho, nimezaliwa mwezi mmoja na Uhuru." Zamu ya kutegua ilikuwa ya wote wawili kwa pamoja. Jamaa akasema hiyo ni stesheni ya reli, akashika njia, bibie huyo nyuma. Stesheni hakuna kitu. Akasema basi ni kule Kivukoni, wakageuza, jua nalo limeshaanza kuchoma. Karibu saa nzima imepita ndipo wakafika Mnara wa Saa, kule mwisho wa Samora, uliojengwa kuadhimisha Dar es Salaam kufanywa jiji tarehe 10 Desemba 1961, siku moja tu baada ya Uhuru wa Tanganyika.

"Mimi nilijua toka pale Boma," bibie akasema.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza?"

Ndugu msomaji, mtoko uliishia hapo kwa muda. Walivuka wakaenda kukaa kivulini Mnazi Mmoja, na maongezi hayakuwa tena ya mnara. Yalikuwa ya harusi yao. Kumbe ukumbi ulichaguliwa na jamaa na kamati yake. Idadi ya wageni, vilevile. Hata rangi za sare bibie alizisikia kwenye kikao kama mjumbe mwingine yeyote. Alikuwa amekaa nalo rohoni miezi mitatu. Nani angelisema mbele ya kuku na chipsi? Kamati ilisimama wiki mbili, bajeti ikafumuliwa upya, na kadi za mwaliko zikapungua kwa zaidi ya mia.

Ndiyo maana nasisitiza sharti la anayetegua kutangulia. Mkiliacha, mwenye sauti kubwa ataongoza tu, kama anavyoongoza nyumbani. Mwangalie mwenzako anapopotea. Anauliza njia kwa muuza magazeti, au anaona aibu? Ukikosea wewe anakuchekea, au anakusimanga mpaka kituo cha tatu? Haya mambo ukiyajua kabla ya mahari si haba.

KUVUKA MNAZI MMOJA

Uwanja wa Mnazi Mmoja wenyewe ni fumbo. Wakoloni waliugawa mji: Uzunguni huko baharini, Uhindini katikati, Waswahili Kariakoo. Uwazi huu uliachwa makusudi utenganishe Uhindini na Kariakoo. Leo mnauvuka kwa dakika chache mkiwa mmeshikana mikono, hakuna wa kuwauliza.

Ng'ambo, mtaa wa Lumumba, ndiko zilikokuwa ofisi za TANU, chama kilichozaliwa Saba Saba ya mwaka 1954. Endeleeni ndani mpaka soko kuu. Jengo lake lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na paa lake la miavuli ya zege lilitengenezwa lipitishe hewa na kukinga maji ya mvua. Moto uliliunguza Julai 2021. Kuweni macho na mikoba yenu, vibaka wa huko hawajui kama mko kwenye mapenzi.

Na sasa lile fumbo la akiba. Kwenye maandishi ya Bismini wametajwa wapagazi, waliobeba risasi, unga na majeruhi wa jeshi la Uingereza porini kwa miguu. Makadirio ya waliokufa kwa upande huo peke yake yanakaribia laki moja, wengi kwa maradhi na njaa. Sanamu juu ni ya askari peke yake. Baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, wapagazi hao waliwekwa kambi eneo hili. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Waswahili wakalitamka walivyoweza: Kariakoo.

Tafuteni benchi la muuza kahawa. Fumbo la mwisho halina jibu kwenye karatasi, kila mmoja analijibu kwa zamu na mwingine haruhusiwi kukatiza: "Kati yetu sisi wawili, mpagazi ni nani, na amebeba nini ambacho mwenzake hajawahi kukiona?"

Mpeni muuza kahawa chenji yake vizuri, mnaweza kukaa hapo muda mrefu. Mkimaliza, kituo cha mwendokasi cha Gerezani hakiko mbali, na aliyetoa miji mingi ndiye anayekata tiketi.